Udongo wa Kaka Uliotelemka kwa Mdogo Wake

Msomaji mpenzi, juma hili nina barua mkononi. Aliyeiandika ni mkulima wa milimani, nami sitalitaja jina lake wala kijiji chake, maana yaliyomo ni mambo ya ndugu wawili wa tumbo moja, na mama yao yu hai. Asema kwamba baba yao alipofariki aliwaachia shamba moja lianzalo juu ya kilima na kuishia bondeni. Mkubwa alipewa mteremko, naye hupanda mahindi na maharage. Mdogo alipewa bonde, akatengeneza majaruba ya mpunga. Miaka mingi walipelekeana chakula, huyu mahindi, yule mchele. Kisha zikaja mvua kubwa, mwaka huu na mwaka uliotangulia. Sasa shamba la juu lina korongo ambalo mtu mzima akisimama ndani yake huonekana kofia tu, na kule bondeni majaruba mawili yamefukiwa.

Mkubwa ananiuliza: je, udongo wangu si uko kwa mdogo wangu? Kama uko kwake, si haki anikatie sehemu ya bonde, au aniache niuzoe kwa mkokoteni niurudishe kwangu? Na mdogo, kama barua yenyewe inavyokiri, amejibu kwamba yeye ndiye wa kulipwa, kwa kuwa mpunga wake umekufa chini ya mzigo asiouagiza. Wamekwisha simama mbele ya wazee mara mbili. Mama yao siku hizi hali chakula kwa yeyote kati yao. Anajipikia mwenyewe.

Ningeweza kujibu upesi kwamba ndugu wasigombane, nikaweka kalamu chini. Lakini jibu la namna hiyo halirudishi hata karai moja la udongo. Kwa hiyo naomba tufuatane, mimi nawe msomaji, tuushike ule udongo tangu ulipong'oka mpaka ulipolala. Hapo ndipo tutakapojua nani anamdai nani.

Tuanze na tone moja la mvua. Watu wengi wadhani kazi ya kuharibu shamba huanza maji yanapokwenda mbio. Sivyo. Huanza tone linapogonga ardhi tupu. Tone kubwa la mvua huanguka kwa mwendo wa mita 9 hivi kwa sekunde moja. Wewe na mimi, hata tukifukuzwa na nyuki, hatuufikii mwendo huo. Ukitaka kuona nguvu yake, toka nje asubuhi baada ya mvua ya usiku, utazame chini ya ukuta wa nyumba yako kama umepakwa chokaa. Utaona madoa ya udongo mwekundu yamepanda mpaka usawa wa goti. Hakuna mto uliopita hapo. Ni matone tu, yameupiga udongo ukaruka.

Shambani ni vivyo hivyo, isipokuwa hakuna ukuta wa kukuonyesha. Penye mteremko, chembe iliyorushwa juu huanguka mbali zaidi upande wa chini kuliko upande wa juu, basi kila tone ni hatua moja ya kutelemka. Tena tone huvunja yale mabonge madogo ya udongo, na vumbi lake huziba vitundu ambavyo maji yangepitia kuingia chini. Uso wa shamba hukandikwa kama sakafu. Maji yakikosa mlango wa kuingia, hayana budi kutembea.

Hapa niongeze neno moja, maana nimelikuta katika nyumba nyingi. Wako watu wajisifuo kwamba shamba lao lina miti mirefu, na chini yake wamefagia kukawa safi kama uwanja wa ngoma. Mti mrefu peke yake hauzuii tone. Maji hukusanyika kwenye jani, yakawa tone kubwa kuliko lile la mawinguni, yakaanguka. Kinachovunja nguvu yake ni nyasi zilizo karibu na ardhi, na majani makavu yaliyotandazwa, yale yale unayoyafagia na kuyachoma moto.

Maji yakianza kutembea, kwanza hutembea kama shuka jembamba juu ya shamba zima. Huchukua tabaka ndogo mno, wala mwenye shamba hajui. Husema, "Mwaka huu mawe yameota." Mawe hayaoti, ndugu yangu. Udongo umeondoka, mawe yamebaki. Tazama pia mizizi ya mwembe ulioupanda mwenyewe: kama sasa wakalia juu ya mizizi iliyokuwa chini ya ardhi, kitako chako kimepima kilichopotea. Baadaye lile shuka hujikusanya penye mabonde madogo, likawa vifereji, na vifereji vikakutana.

Hapo ndipo mambo yanapogeuka haraka. Mafundi wa maji wana hesabu yao ya zamani: mwendo wa maji ukizidi mara mbili, uzito wa jiwe yawezalo kulisukuma huzidi mara 64. Si mara mbili, ni mara 64. Ndiyo maana kijito ambacho mtoto alikiruka kwa mguu mmoja asubuhi chaweza kuvingirisha mawe makubwa jioni. Na ndiyo maana korongo hutokea kwa mvua moja au mbili, baada ya miaka 20 ambayo mwenye shamba aliona kwamba hakuna lolote.

Korongo nalo lina tabia moja ambayo wengi hawaijui. Maji hutelemka, lakini korongo hupanda. Pale mwanzoni mwake, kwenye kichwa chake, maji huanguka kama maporomoko madogo, yakachimba chini ya ukingo. Ukingo ukikosa cha kuukalia huanguka. Na kesho kichwa cha korongo kiko hatua mbili juu zaidi. Kwa hiyo anayekwenda kuziba korongo mdomoni, huko chini kwenye upana wake, anajisumbua. Ugonjwa uko kichwani.

Narudi kwenye barua. Katika ukurasa wa pili mwandishi asema, kama mtu asemaye jambo dogo, kwamba korongo lilianzia "pale ng'ombe wanapopita". Ng'ombe wa nani? Ni wa mdogo wake. Hutoka malishoni juu na kushuka moja kwa moja mpaka mtoni, kwa njia ile ile, kila siku. Kwato zimeishindilia njia, maji yameikuta tayari. Ndipo nikafikiri, hapa mdogo ana deni. Nikageuza ukurasa. Mwandishi asema yeye hulima matuta yake "kufuata mteremko, kama baba alivyofanya", ili maji yasisimame. Basi kila tuta limekuwa mfereji, na mifereji yote yaelekea bondeni. Njia ya ng'ombe ilikuwa mlango. Matuta yaliuleta umati mlangoni.

Sasa, huo udongo uko wapi? Hapa nakuomba ufanye jambo moja na watoto wako, maana litakufundisha kuliko maneno yangu. Chukua chupa ya kioo iliyo wazi, ya jamu au ya mafuta, ujaze robo yake udongo wa shamba. Mimina maji karibu ijae. Funika, uitikise kwa nguvu, kisha uiweke juu ya meza usiiguse. Mchanga mnene utalala chini kabla hujamaliza kuhesabu mpaka 60. Juu yake litatua tope laini, polepole, kwa muda wa saa kadhaa. Na maji ya juu yatabaki machafu mpaka kesho yake, pengine zaidi, kwa sababu chembe za mfinyanzi ni ndogo mno na hukataa kuzama. Takataka nyeusi za majani yaliyooza, ile mboji, zitaelea.

Hiyo chupa ndiyo bonde la mdogo wako. Maji yalipotoka kwenye mteremko yakafika mahali tambarare, yalipunguza mwendo, na kwa ile ile hesabu ya 64, ila sasa ikirudi nyuma, yakashindwa kubeba. Kwanza yaliangusha mawe pale mlima unapoishia, kisha changarawe, kisha mchanga, ukatandazika kama kipepeo juu ya majaruba. Lakini mfinyanzi na mboji, ambavyo ndivyo vishikavyo rutuba, havikuteremka mzigo hapo. Vilisafiri na maji mekundu mpaka mtoni, na mto ukaenda zake.

Kwa hiyo, ndugu yangu uliyeandika, ukienda na mkokoteni bondeni utazoa mchanga. Mali yako haipo kwa mdogo wako. Yeye amepokea gunia, unga wake umekwisha kumwagika njiani.

Mambo haya yaliyowapata ndugu wawili yalipata kuwafika watu wa wilaya nzima. Katika nchi ya Tanzania, kule Kondoa, kwenye vilima vya Irangi, ardhi iliraruka mpaka ikatisha. Miti ilikatwa, mifugo ikawa mingi, na mvua za huko zina desturi ya kushuka chache lakini kwa hasira. Vilima vilibaki mifupa myekundu, makorongo yakaenda kina kuliko nyumba, na chini yake mchanga ukafunika mabonde na kujaza mito. Serikali ya kikoloni ilijaribu matuta na kuhamisha watu. Baadaye, mwaka 1973, ikaanzishwa kazi iliyoitwa Hifadhi Ardhi Dodoma, au HADO, kwa msaada wa Uswidi. Wakachimba makinga maji kwa mashine na kupanda miti, lakini ng'ombe wakawa wanayakanyaga yale yale. Ndipo mwaka 1979 ikatoka amri nzito: mifugo yote iondolewe katika eneo lile lililoharibika, lenye ukubwa wa kilomita za mraba 1,250 hivi.

Fikiri maana yake. Makumi ya maelfu ya ng'ombe, mbuzi na kondoo walihamishwa. Mwenye watoto alibaki bila maziwa, mwenye binti wa kuolewa na mwenye mwana wa kuoa walibaki na hesabu ngumu, na samadi ya shamba ikaondoka na zizi. Simsifu mtu yeyote kwa kutoa amri ya namna hiyo, wala sithubutu kusema haikuwa na matunda. Nyasi zilirudi kwa upesi uliowashangaza hata wataalamu, vichaka vikafuata, na maji yakaanza kuingia ardhini badala ya kukimbia. Miaka kumi hivi baadaye watu wakaanza kuruhusiwa kufuga tena, safari hii ng'ombe wa maziwa wachache wafungwao zizini na kukatiwa majani.

Na ule mchanga wa mabondeni? Hili ndilo lililonipendeza. Watu wa huko waligundua kwamba mchanga uliotandazika chini ya vilima una maji tumboni. Juu ni mkavu, lakini mvua huzama ndani yake na kukaa, jua lisiweze kuyafikia, kama maji ya mtungini. Wakaulima. Hakuna mpunga hapo, lakini mahindi na viazi vitamu vyapatikana, mtu akitia samadi. Mdogo mtu asome maneno haya mara mbili.

Tuufuate sasa ule mwekundu uliokwenda zake. Kila nchi ina mto wake wa kuupokea; mimi nitachukua Rufiji, kwa kuwa hukusanya maji ya nchi kubwa: Ruaha Mkuu kutoka nyanda za Mbeya na Iringa, Kilombero, na Luwegu kutoka kusini. Udongo wa mashamba ya watu wasiojuana wakutana humo. Mto ufikapo kwenye nchi ya chini, karibu na pwani, mwendo wake hulegea, na wakati wa mafuriko maji hupanda kingo yakatapakaa. Hapo ndipo lile tope laini, lililokataa kutua katika chupa yako, hupata utulivu na kulala. Warufiji walilijua jambo hili kabla ya kitabu chochote. Maji yakishuka, hupanda mahindi, maboga na kunde katika tope lile lenye unyevu, bila kungoja mvua nyingine. Kilimo hicho hukiita mlau. Maafa ya mlimani yamekuwa chakula cha bondeni, ingawa lazima niseme kwamba mafuriko yakizidi huchukua nyumba na chakula pamoja.

Kilichobaki huenda mpaka baharini, mkabala na kisiwa cha Mafia. Maji ya mto hukutana na maji ya bahari, mwendo hufa, na tope hujenga nchi mpya iliyokatwakatwa na mikono ya mto. Mikoko huota juu yake na kuishika kwa mizizi. Nchi hiyo haitulii. Mto hubadili mkono wake mkubwa, huziba huku na kufungua kule, na mtu wa delta huweza kuona shamba la babu yake likibomoka upande mmoja na kisiwa kipya kikiota upande wa pili. Siku hizi kuna jambo jipya pia. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022, na maji yakitulia bwawani, tope hutua humo humo. Bwawa nalo ni chupa. Tope litakalobaki bwawani halitafika mashambani wala penye mikoko, na waangalizi wa mto sharti walihesabu hilo pamoja na umeme.

Upepo nao hufuata sheria ile ile. Karibu na Oldupai, katika nchi ya Ngorongoro, liko tuta la mchanga mweusi lililotokana na majivu ya mlima wa moto, umbo lake kama mwezi mwandamo. Upepo huchukua chembe za mgongoni na kuziangusha mbele penye kivuli cha upepo, na kwa hivyo tuta zima husafiri, kadiri ya mita 10 mpaka 20 kwa mwaka, bila kupoteza umbo lake. Wageni huenda kulitazama. Mimi nalitaja ili mjue kwamba si maji peke yake. Chochote kiendacho mbio hubeba, na kikichoka huweka.

Lakini kuna siku ambayo hakuna kuchagua wala kupanga, na ndugu hawa wawili inawapasa kuijua. Ardhi ya mlimani ikinywa maji mpaka ikashiba, uzito wenyewe waweza kuikokota yote kwa pamoja: mawe, magogo, tope na nyumba. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope na mawe vilishuka kutoka mlima Hanang na kuingia mji wa Katesh na vijiji vya karibu. Watu zaidi ya 80 walikufa. Basi ukitaka kujenga nyumba chini ya mlima, chimba kidogo kwanza. Ukikuta mawe makubwa yamechanganyika na tope bila mpango wowote, na juu yako kuna mdomo wa bonde jembamba, ujue yalifika hapo kwa miguu ya aina ile. Jenga pengine. Hata kama kiwanja ni cha bei nafuu, au hasa kwa sababu ni cha bei nafuu.

Narudi sasa kwa ndugu zetu. Mmoja amepoteza udongo, mwingine amepokea mchanga, na rutuba iko njiani kuelekea baharini. Hakuna wa kulipwa, kwa sababu hakuna aliyeshika kitu. Yaliyobaki ni kuyachelewesha maji yale yale, ili mzigo wayaangushie juu, kwa mkubwa, kabla hayajafika kwa mdogo.

Najua neno "matuta" lina harufu mbaya kwa wazee wetu. Waliyachimba kwa kuamrishwa, na aliyekataa alitozwa faini. Huko Uluguru mwaka 1955 watu walikataa, pakatokea ghasia, na serikali ya kikoloni ikauacha mpango wake. Tena Waluguru hawakuwa wajinga: ngazi zile zilipochimbwa kwa haraka zilifukua udongo wa chini usio na rutuba na kuufunika ule mzuri. Mtu akihama kwa kupigwa hakumbuki njia. Lakini tazama upande wa pili, kwa Wakamba wa Machakos, Kenya. Nchi yao katika miaka ya 1930 ilionekana kama imekufa. Baadaye wakulima wenyewe, bila kusimamiwa, walichagua namna moja wakaienea vilima vyao, hata miaka ya 1990 watu wakiwa wameongezeka mara nyingi, ardhi ilikuwa imetunzwa vizuri kuliko zamani.

Namna hiyo yaitwa fanya juu. Unachimba mfereji kukata mteremko, kina nusu mita na kidogo, upana vile vile. Udongo unaoutoa unautupa upande wa juu, si wa chini, ukaacha nafasi ya futi moja kati ya mfereji na tuta ili usirudi ndani. Juu ya tuta panda mabingobingo au majani mengine ya ng'ombe. Basi. Ngazi huichimbi, mvua itaichimba. Kila mvua italeta udongo mpaka nyuma ya tuta, itachoka, itauweka. Miaka michache ikipita utaona kipande cha shamba kimekuwa tambarare chenyewe, na udongo mzuri umebaki juu, haukufukiwa.

Kazi yenyewe si ngumu kuliko kupata mstari wa usawa, maana mfereji ukiinama kidogo tu umetengeneza korongo jipya. Msinunue kipimo. Chukueni miti miwili ya urefu sawa, mita mbili hivi, mfunge vichwa pamoja, na mti wa tatu mfupi mwuufunge katikati kukingama, iwe kama mlango wa hema. Kutoka kichwani ning'inizeni kamba yenye jiwe, ndiyo timazi yenu. Simamisheni miguu miwili juu ya ardhi, mtie alama pale kamba ipitapo kwenye mti wa kati. Geuzeni, mguu wa kulia ukae penye alama ya wa kushoto, mtie alama tena. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Sasa tembezeni kipimo hicho kukatisha kilima, mguu baada ya mguu, kamba ikae pale katikati kila mara, na penye kila mguu pigwe kijiti. Vijiti vitakwenda vimepinda, msivinyoshe. Kilima ndivyo kilivyo.

Kabla ya hapo, njia ya ng'ombe ihamishwe. Mdogo awashushe kwa kuzunguka, ijapokuwa ni mbali, penye nyasi. Kichwa cha korongo kizungushiwe mfereji wa kuyapeleka maji kando, mahali penye nyasi nzito, wala si kwenye shamba la jirani. Ndani ya korongo mjenge vizuizi vya mawe, vidogo na vingi, badala ya kimoja kikubwa. Katikati pawe chini kuliko pembeni, ili maji yapite juu ya katikati. Yakipita pembeni yatakula ukingo na mtaanza upya. Kizuizi cha chini kifikie usawa wa mguu wa kile cha juu yake. Matuta ya kufuata mteremko yavunjwe, najua yalikuwa ya baba.

Na yale majaruba mawili yasiachwe. Mtie samadi ya wale ng'ombe waliolileta korongo, mpande viazi vitamu, na mchimbe shimo moja mwone maji yako kina gani wakati wa kiangazi.

Kipimo nilichokieleza kinataka watu wawili, mmoja wa kukishika na mmoja wa kupiga vijiti, na watoto hawatoshi kwa sababu ya uzito wa miti. Anzeni juu kabisa, penye mpaka na pori. Nyuma ya tuta la kwanza simamisheni kijiti kilichochongwa alama za inchi, na mvua zikiisha mtuandikie udongo umefika alama ya ngapi.